Siku Vefa Alipowageuza Wenzake Njiani

Pale Larcenei, kijiji cha milimani kaskazini mwa Italia, waliozaliwa mwaka mmoja huhesabiana kama ndugu. Walikaa darasa moja, walipokea komunyo ya kwanza siku moja, na kila muongo unapotimia hufunga safari pamoja. Kwa kawaida ni safari ya basi. Hushuka tambarare kwenye mji fulani, hula samaki, hupotezana kidogo, kisha hurudi wakiimba.

Rika la Vefa Irsara lilipokaribia miaka sitini, kila mtu alijua itakuwa vilevile. Walikutana baa mwezi wa Machi, theluji bado imelala mapaani, na Ujöp Pitscheider, mwenye bucha, alikuwa ameshachagua mpaka hoteli.

"Venezia," alisema, akafuta povu la bia mdomoni. "Mkahawa naujua, bei naijua, dereva ni shemeji yangu. Mada imefungwa."

"Tulikwenda hukohuko tulipotimiza hamsini," akasema Hugo Crazzolara. "Ukaanguka mferejini."

"Sikuanguka. Nilishuka vibaya."

"Ulishuka na kofia ya padri mkononi."

Watu wakacheka. Ndipo Filomena Tavella alipoweka kikombe chake chini. Filomena alikuwa mshonaji, mtu wa maneno machache. Miaka mingi alimuuguza mama yake, akamzika majira ya kupukutika majani yaliyopita, na tangu hapo alikuwa bado hajazoea kukaa mahali bila kutazama saa.

"Mimi nataka kwenda Sas Corf," alisema. "Kwa njia ya chuma."

Sas Corf ndio mlima uliosimama juu ya kijiji, ukuta mtupu wa jiwe la kijivu. Njia ya chuma ilipanda ukuta huo: ngazi, vikanyagio, na waya mnene uliopigiliwa kwenye jiwe kuanzia chini hadi karibu na kilele, ambao mpandaji hujifunga nao kwa kulabu mbili. Wageni walitoka nchi za mbali kuja kuupanda. Wenyeji wengi waliutupia tu macho asubuhi kujua kama nyasi zitakauka.

"Filomena," akasema Ujöp kwa upole, "ulipandisha pazia kanisani ukashikwa na kizunguzungu."

"Nilikuwa sijala. Nimeutazama mlima huu tangu nijue kutazama. Nikifa sijaufikia, nitaona haya."

Wote wakamgeukia Vefa, maana yeye ndiye aliyekuwa mwongozaji wa wapanda milima. Vefa alikuwa anatafuna mkate na nyama ya kukausha. Akatafuna mpaka mwisho, akameza.

"Inawezekana," alisema. "Ila nikisema ndiyo, mimi ndiye nitakayepanga, na neno langu huko juu halijadiliwi."

"Haya, Mbuzi keshavaa nyota begani!" Ujöp akapaza sauti. Lakini mikono ilipoinuliwa, wengi walikuwa upande wa Filomena, na Venezia ikaahirishwa.

Walimwita Mbuzi tangu utotoni. Shamba la kwao liliinama kiasi kwamba watu walisema hata kuku wa Irsara huvaa viatu vya misumari. Alikua akibeba majani makavu mgongoni, amefunga kwa shuka, akishuka nayo mahali ambapo trekta halithubutu. Lakini hakuzaliwa mwongozaji. Wanawake wa wakati wake hawakuwa waongozaji wa milima. Walikuwa wake zao, au wajane wao. Vefa aliajiriwa jikoni, kwenye nyumba ya wapandaji iliyo kwenye bega la nyuma la Sas Corf, akawa mpishi wa supu ya shayiri kwa watu waliorudi kutoka juu na pua zimeungua, wakisimulia.

Alisikiliza masimulizi yao kiangazi baada ya kiangazi, mpaka yakamchosha. Siku moja alipomaliza kuosha sufuria za mchana, akavua aproni, akaenda kushika waya. Kesho yake akarudi. Mzee mmoja mwongozaji, Tone, alimwona kutoka ukutani akipita kama anapita ukumbini kwao, akamwambia, "Wewe mama, unapanda vizuri na unajifunga vibaya. Ukiendelea hivyo utakufa kwa madaha." Akamfundisha. Vefa alipokwenda kufanya mtihani wa uongozaji, mmoja wa watahini alimuuliza nani atalisha watoto akiwa mlimani. Hakuwa na watoto. Mwaka wa kwanza walimwangusha, wa pili hawakupata sababu.

Hata baadaye, wageni walimfuata uwanjani asubuhi wakamuuliza mwongozaji yuko wapi. "Anaumwa tumbo," huwajibu. "Mimi ni mkewe, lakini njia naijua kidogo." Kisha hutangulia, na wao humfuata wakihema.

Basi aliianza safari ya rika lake kama alivyoanza safari zote: kwa kwenda kuwatazama watu walivyo majumbani mwao. Alijua kwamba mtu akiulizwa baa kama ana nguvu, atasema anazo.

Kwa Hugo alipokelewa kwa heshima kubwa. Hugo alikuwa fundi wa mitambo ya kupandisha mlimani watu wanaokwenda kuteleza kwenye theluji, na ujanani alipanda njia ya chuma zaidi ya mara moja. Alitoa ghalani begi la turubai, akamwaga mezani vifaa vyake vya zamani: mshipi wa kiunoni, kamba fupi mbili, kulabu zilizong'aa kwa mafuta.

"Ona," alisema. "Hakuna kutu hata chembe. Mimi usininunulie kitu."

Vefa akaishika kamba, akaikunja kwenye kidole. Ilikuwa ngumu kama utumbo uliokaushwa. Mkasi wa jikoni ulikuwa karibu, juu ya ubao wa vitunguu. Akauchukua, akaikata kamba kati.

"Wewe mwanamke!" Hugo akaruka. "Ile ilikuwa ya kaka yangu!"

"Mkasi wa vitunguu umeikata kama siagi, Hugo. Wewe una kilo ngapi?"

Mke wa Hugo, aliyekuwa kwenye jiko, aligeukia ukuta akaficha kicheko. Vefa aliacha mezani kamba mpya yenye mkunjo wa kupunguza mshtuko mtu akianguka, akaenda zake. Njiani alijilaumu. Angeweza kumwambia bila kukata. Lakini Hugo alikuwa mtu wa kukubali kwa mdomo na kufanya lake.

Kwa Ujöp kulikuwa kugumu zaidi. Ujöp alikuwa mnene, lakini si unene uliomtia wasiwasi Vefa. Alikuwa amewahi kupandisha wanene wepesi kama paka. Alimwomba apande ngazi za dukani kwake kutoka stoo mpaka juu, ashuke, apande tena. Aliposhuka, goti la kushoto lilimtoka upande, akashika ukuta, na jasho lililomtoka halikuwa la joto.

"Daktari anasemaje kuhusu hilo goti?"

"Daktari anasema niache soseji. Mtu wa bucha aache soseji! Ningekuwa padri angeniambia niache sala."

"Ujöp, kupanda utaweza. Kushuka ndiko sitaki kukuona." Vefa akakaa kwenye gunia la chumvi ili wawe sawa kwa kimo. "Kuna njia ya nyuma, ya miguu, inafika nyumba ya wapandaji. Pita hiyo polepole, utangulie. Sisi tukishuka kutoka juu tukukute, tule pamoja."

"Yaani wenzangu wapande mlima, mimi nipande na soseji."

"Sikusema hivyo."

"Umesema hivyohivyo, kwa adabu." Akaingia chumba cha baridi, akafunga mlango.

Baada ya hapo, kila Vefa alipokwenda kununua nyama, Ujöp alimkatia kipande kizuri, akamfungia, na hakumwambia hata neno. Jambo hilo lilimuuma kuliko matusi. Walipokuwa wadogo, Ujöp ndiye aliyekuwa akimngoja chini ya shamba lao asubuhi za theluji, akimkanyagia njia mpaka shuleni.

Mazoezi waliyafanya nyuma ya kiwanda cha mbao, kwenye jabali kubwa ambalo Vefa alilifungia waya. Walikuja sita: Hugo, Filomena, Notburga wa duka la mikate, mapacha wawili wa ukoo wa Alton waliozeeka bila kuacha kuvaa sawa, na mwalimu wa zamani wa kwaya. Vefa aliwapitisha mara nyingi mpaka wakachoka naye.

"Mkifika kwenye msumari uliofunga waya, mnafanya nini?"

"Tunahamisha kulabu moja," wakajibu kama watoto wa katekisimu.

"Na ya pili?"

"Inabaki imeshika."

"Mpaka lini?"

"Mpaka ya kwanza ishike upande wa pili."

"Hazifunguliwi zote mbili pamoja, hata ukiitwa na Papa. Papa atangoja."

Filomena ndiye aliyemshangaza. Vidole vyake vilivyozoea sindano vilifungua na kufunga kulabu bila yeye kutazama, na mwili wake mwembamba ulikaa karibu na jiwe. Hugo alitumia mikono sana, akijivuta, akihema, akikataa kupumzika. Vefa aliyaona yote mawili, na akapanga mstari: yeye mbele, Filomena nyuma yake, Hugo katikati, na wa mwisho mwongozaji mwenzake ambaye Vefa alimwomba asaidie.

Walianza safari siku ya Julai, alfajiri, njia nzima ikinuka msonobari. Utabiri wa hali ya hewa ulisema kavu mpaka jioni. Ujöp alikuwa ameondoka kabla yao kwa njia ya nyuma, peke yake, na begi zito.

Chini ya ukuta walivaa helmeti, wakatazamana, wakacheka, maana hakuna uso wa miaka sitini unaopendeza ndani ya helmeti. Kisha wakaanza kupanda. Kwenye kuta za mwanzo kulikuwa na mizaha. Notburga alisema akianguka mkate wa kesho uko kwenye friji. Walipofika ngazi ndefu, ile inayopanda ikiwa imeinama kidogo nje, juu ya hewa tupu, mizaha ilikatika na kilichosikika ni vyuma tu, kulabu zikifunga, ta, ta, ta, mmoja baada ya mwingine. Chini yao mnara wa kanisa ulikuwa kama penseli.

Mahali ngazi inapokwisha pana kishubaka kirefu kwenye jiwe, kipana cha kutosha watu kukaa. Upande wa kushoto waya unaendelea juu, ukuta wa mwisho, mgumu kuliko yote, usio na pa kutokea mpaka kileleni. Upande wa kulia njia nyembamba inapita ubavuni mwa mlima mpaka nyumba ya wapandaji. Vefa aliikubali njia hii kwa sababu ya hicho kishubaka. Hakupenda kuingia mahali pasipo na mlango wa pili wa kutokea.

Walikaa, wakanywa chai. Filomena alikuwa amepauka usoni, lakini anatabasamu. Na hapo Vefa akaliona wingu. Lilikuwa magharibi, nyuma ya kilele cha jirani, dogo, jeupe, linainuka wima kama uji unaotaka kufurika. Upepo uliokuwa ukiwapiga tangu asubuhi ukakatika. Kunguru wenye midomo ya manjano, waliokuwa wakizunguka kuomba makombo, wakajitupa bondeni wote kwa pamoja.

Vefa alisimama akatazama. Kulikuwa na kiangazi kimoja, alipokuwa katika kikosi cha uokoaji, alipopandishwa hapohapo juu baada ya radi kupita. Waya wa chuma huipokea radi kileleni na kuishusha kwa kila aliyejifunga nao. Walikuwa wawili, kaka na dada. Dada alikuwa bado ameshika kulabu. Vefa ndiye aliyefungua vile vidole. Hakumsimulia mtu yeyote aliyekuwa akipanda naye, kwa sababu mlimani hadithi kama hiyo hukaa kwenye magoti ya watu.

"Jamani," alisema. "Tunatoka kulia. Leo basi."

"Basi nini?" akauliza Hugo.

"Hatuendi juu."

Walitazama mbingu. Juu yao ilikuwa buluu.

"Kwa ajili ya kile kipamba?" Hugo akacheka, kisha akaona kwamba Vefa hacheki. "Vefa, kilele kile pale. Ninauona msalaba. Watu wawili wanapanda sasa hivi, watazame!"

"Nawaona. Sikuwapandisha mimi."

"Mimi naendelea." Akanyoosha mkono, akafunga kulabu yake kwenye waya wa kushoto.

Vefa alimsogelea mpaka helmeti zao zikakaribia kugusana. Hakupandisha sauti. "Hugo, nisikilize. Ukipanda, unapanda peke yako. Mimi nitawatoa hawa kwanza, mpaka wakae chini ya paa. Halafu nitakuja kukuchukua. Utakuwa mzima au hutakuwa, nitakuja tu. Na nitakwenda kumwambia mkeo mwenyewe. Sasa amua, wakati unakwenda."

Hugo alibaki ameshika kulabu. Kisha akaifungua, akapita mbele ya Vefa bila kumtazama, akashika njia ya kulia. Wengine walifuata. Pacha mmoja alinong'ona, "Tungemaliza na kushuka kabla halijafika." Filomena, aliyeitaka safari kuliko wote, hakusema lolote.

Lile wingu lilipanda kidogo, likasimama. Likapinda upande kama mtu aliyesahau alichokuja kuchukua. Kabla hawajamaliza supu kwenye nyumba ya wapandaji, lilikuwa limeyeyuka, na alasiri nzima ikawa ya jua ambalo kijiji hakikupata mfano wake mwaka ule. Wale wapandaji wawili, Wajerumani, walishuka kutoka kileleni wamefurahi, wakaagiza bia, wakasema juu kule mtu anaona mpaka barafu za Austria.

Ujöp alikuwa amekaa kizingitini na soseji zake zilizopoa, goti limefungwa kitambaa. Alimtazama Vefa, akatazama mbingu, akafunika kichwa kwa sahani.

"Ingieni ndani, watoto!" alipiga kelele. "Mtalowa!"

Walicheka wote kwa uchungu, isipokuwa Vefa na Filomena.

Mzaha wa kijiji kidogo haufi haraka. Jumatatu yake Vefa alikuta mwavuli umening'inizwa mlangoni kwake. Dukani mtu alimwomba ushauri kama leo aanike nguo. Hata mwenyekiti wa waongozaji alimpigia simu, akaongea habari nyingine ndefu, halafu mwishoni akauliza kama macho yake bado mazima. Vefa alicheka na wachekao. Nyumbani alikaa na kamba magotini, akiipitisha mkononi kama rozari, akijiuliza swali lililomtesa: Je, niliona wingu, au niliona wale wawili? Kama alikuwa ameanza kuwageuza watu kwa ajili ya wafu, basi wakati wa kutundika kamba ulikuwa umefika. Hakupata jibu. Alipofikiria wingu, alijiambia angegeuka tena. Alipofikiria macho ya Hugo, alitamani lingenyesha walau tone.

Filomena alikuja mchana mmoja wa Agosti, amebeba sketi ya sikukuu ya Vefa aliyokuwa ameikunja upindo. Alikataa kuvua koti. Akakaa ukingoni mwa kiti.

"Nimekuja kukwambia kitu na ukinifukuza nitaelewa."

"Sketi umeiunguza."

"Sketi nzima. Ni ile ngazi." Alitazama mikono yake. "Kule juu, karibu na mwisho. Mikono ilikuwa imeisha, Vefa. Haikuwa yangu. Nilitazama chini kutafuta kanyagio, nikaona kulabu zangu zote mbili zinaning'inia mapajani. Zote mbili. Sijui nilizifungua lini. Nilikuwa nimesimama pale kama mtu aliyesimama juu ya kabati."

Vefa aliisogeza sketi pembeni.

"Nikazifunga. Kwanza moja, halafu nyingine, kama ulivyotufundisha. Nikaendelea. Wewe ulikuwa umeshapanda kishubakani, unatua begi."

"Kwa nini hukuniambia?" Sauti ya Vefa ilitoka kali kuliko alivyotaka. "Pale pale! Kwa nini hukusema?"

"Ningesema vipi? Mlima niliutaka mimi. Niliwatoa watu Venezia. Nilikaa pale nikiomba Mungu alete sababu ya kurudi, ila isitoke kwangu. Ndipo ukasema tunatoka kulia." Akafuta pua kwa kiganja. "Nao wamekuita mwoga mwezi mzima, mimi nimekaa kimya nakunja sketi yako."

Vefa aliinuka, akaenda dirishani. Alijua maana ya ukuta wa mwisho kwa mikono iliyokwisha. Lakini hakujisikia mshindi. Aliona kitu kingine, kikamwingia kama baridi: hakuwa amemgeuza Filomena kwa sababu aliona amechoka. Hakuona. Alimtazama Hugo njia nzima, na yule mwepesi akamwacha ajitegemee.

"Kosa langu ni hili," alisema hatimaye. "Nilipanga safari ya watu wa miaka thelathini, nikawapa wa sitini. Ngazi ndefu baada ya kupanda tangu alfajiri. Mikono ya nani haiishi?"

"Usinifariji."

"Sikufariji. Napanga." Akarudi, akaketi mbele yake. "Tulale nyumba ya wapandaji. Asubuhi tupite ubavuni mpaka kishubaka, mikono mipya, tupande ule ukuta wa mwisho tu. Na safari hii nakufunga kamba yangu mwenyewe, kiunoni kwako mpaka kwangu. Kama mbuzi na mwanawe."

Filomena alicheka na kulia kwa wakati mmoja. "Watakuja?"

"Watakaokuja watakuja. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi."

"Na nikiwaambia habari ya kulabu?"

"Ni yako. Ukitaka sema, ukitaka usiseme."

Filomena aliwaambia. Alisimama baa siku ya Jumapili baada ya misa, akasimulia mbele ya wote, uso umemwiva, hakuruka kitu. Mwavuli ukaondoka kwenye mazungumzo ya kijiji tangu siku ile. Hugo alisikiliza mpaka mwisho, akaweka sarafu mezani, akatoka. Baadaye alituma habari kwamba safari mpya hataiweza, Septemba ana ng'ombe wa kushusha kutoka malishoni, na kweli alikuwa nao, ingawa watoto wake wangeweza kuwashusha. Vefa alimwacha. Wapo watu ambao ukiwafuata unawasukuma mbali zaidi.

Ujöp alikuja nyumbani kwa Vefa akiwa na aproni yenye damu bado, kama mtu aliyeogopa kubadili nia akibadili nguo.

"Hiyo ya kulala juu," alisema. "Nani anapika?"

"Mpishi wa pale."

"Yule anachemsha madonge ya mkate mpaka yanakuwa godoro. Nitapika mimi." Akakuna shingo. "Nimekuwa napanda ile njia ya nyuma. Kila Jumatatu, duka limefungwa. Polepole. Goti linalia lakini linafika. Nilikuwa nakaa pale peke yangu natazama, nikasema, kumbe hata huku ni mlima."

"Ni mlima, Ujöp."

"Ila ungeniambia vizuri, Mbuzi. Siku ile ungeniambia, 'Ujöp, nakuogopea.' Ningekubali palepale. Wewe ukaniuliza daktari anasemaje."

Vefa alifikiri. "Nakuogopea," alisema.

"Umechelewa," akasema Ujöp, lakini alikaa, akaomba kahawa.

Walilala juu mwanzoni mwa Septemba, Vefa na wale watano, na Ujöp mpishi wao. Asubuhi ilikuwa ya baridi kavu, jiwe linauma vidole, mbingu safi kama bati lililosuguliwa. Walipita ubavuni kimya. Kishubakani Vefa alimfunga Filomena kamba, akavuta fundo, akavuta tena. Ukuta wa mwisho waliupanda taratibu, wakisimama kila walipotaka, na kila kulabu ilipofunga Filomena alisema kwa sauti, "Imeshika," na Vefa juu yake akajibu, "Nimesikia." Karibu na mwisho mikono ilianza kumtetemeka. Safari hii akasema.

"Vefa, mikono."

"Kaa. Egemea kamba. Nimekushika."

Akaegemea, miguu ukutani, mgongo hewani, akapumzika mpaka damu ikarudi. Notburga chini yao akaanza kuimba wimbo wa Maria, mapacha wakaupokea, mmoja sauti ikipanda mno kidogo kama kawaida yake. Kisha wakapanda vipande vilivyobaki, na jiwe likaisha.

Juu hakukuwa na jambo kubwa. Msalaba wa chuma, mawe yaliyovunjika, upepo. Filomena alikaa chini, akashika kokoto moja, akairudisha. Hakulia kama walivyotarajia. Aliomba mkate, akala wote, akaomba wa Vefa.

Waliposhuka kwa njia ya nyuma, Ujöp aliwaona kutoka mbali kwa darubini yake ya kuwindia, akawapigia sufuria. Alikuwa amekaanga maandazi bapa ya mchicha na jibini, mlima mzima wa maandazi, na madonge yake yalikuwa laini. Alimpakulia Filomena kwanza, halafu Vefa.

"Saa nzima nimeshikilia darubini hii," alimwambia Vefa pembeni, kwa sauti ya chini. "Alipoegemea kamba, niliunguza maandazi ya kwanza yote. Moyo ulinipanda mpaka hapa."

"Wangu pia."

"Wewe? Uongo."

"Kila safari, Ujöp."

Ujöp alimtazama kama mtu aliyemjua miaka sitini na bado anamkuta mpya. Akamwongezea andazi.

Walishuka kijijini alasiri, polepole kwa ajili ya goti la Ujöp, na kwenye malisho ya chini walikutana na ng'ombe wa Hugo wakishuka, wamevikwa kengele na maua. Hugo alikuwa mbele yao na fimbo. Alisimama. Akamtazama Filomena.

"Mmefika?"

"Tumefika."

"Vizuri," akasema, na ilionekana anamaanisha. Kisha akamwambia Vefa, macho kwenye ng'ombe, "Mwezi ujao nitakuwa na nafasi. Kama bado unapandisha watu."

"Oktoba jiwe lina barafu. Njoo Juni," akasema Vefa. "Uje wiki mbili kabla, tufanye mazoezi."

"Mazoezi ya nini, na mimi nimepanda—" Akajikatiza. "Haya. Juni."

Vefa aliongoza watu misimu mingine mitatu. Aliwageuza wengine njiani, mara nyingine mvua ikanyesha, mara nyingine jua likawaka mpaka jioni, naye hakuacha kuulizwa. Lakini katika mipango yake aliongeza jambo moja. Kila walipofika mahali pa kupumzika, kabla ya chai, alimwendea kila mmoja, hata yule mwepesi kuliko wote, akamshika mikono, akamwambia afinye kwa nguvu zake zote.